Nyani Hachimbi Bure

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo umeshazoea.

Mama alikataa katakata mtani wako wa ziwani apewe habari za kifo chako kwa simu. "Mtu aliyekula naye samaki miaka yote, nimwambie kwa simu kama naulizia bei ya mbolea?" Basi juzi tulipanda gari hadi Tingi, na kutoka pale akataka tushuke kwa miguu kwenye korongo lako, njia uliyokuwa ukipitishia maharage kwenda ziwani. Nilimbishia. Unamjua mkeo.

Tukafanya kosa letu sisi Wamatengo: hatukubeba maji ya maana. Kwetu kila bonde lina chemchemi, nani ajitwishe maji? Tulikuwa na chupa moja. Jua halijafika utosini ilikuwa tupu, na korongo lote kavu, mchanga mtupu kati ya kuta za mawe, joto likitupiga juu na chini. Simu haikushika mtandao. Kurudi kulikuwa mbali sawa na kwenda.

Kisha Mama akaacha kuongea. Hapo niliogopa, Baba, maana Mama na kunyamaza ni vitu viwili. Midomo imempasuka, akakaa kwenye kivuli cha mwamba, akasema, "Tangulia wewe." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia sina nguvu ya kuzika wawili mwaka mmoja.

Nilichimba chini ya mkuyu kwa mikono. Vumbi. Nikahamia pengine. Vumbi. Kucha zikatoka damu, nikaanza kukugombeza wewe kwa sauti: umepita hapa maisha yako yote, maji ulikuwa unayatoa wapi? Ndipo nikakumbuka. Nikiwa mdogo, umechuchumaa kwenye mchanga huohuo, unacheka: "Nyani hana jembe, lakini hachimbi bure." Wewe, uliyewarushia mawe kila msimu wa mahindi, kumbe ulikuwa unakunywa kwenye visima vyao!

Nikaacha kuchimba, nikatafuta nyayo na vinyesi. Ilibidi nimwache Mama peke yake, na nilipogeuka sikumwona tena. Mbele, korongo linapokata kona, chini kabisa ya ukuta wa mwamba, palikuwa na vishimo vidogo, mchanga wake mweusi. Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ulitoka umelowa.

Maji yalijikusanya polepole mno. Niliyachuja kwa kanga, yakafika nusu chupa, nikakimbia nikiliita jina lake. Hakuitika. Nilimkuta amefumba macho. Nikamlowesha midomo, akameza, akameza tena, akatema mchanga. "Yana harufu ya nyani," akasema. Nilicheka huku nalia.

Alipopata nguvu tukajaza chupa kwenye vishimo vile, na jioni tukafika ziwani. Mtani wako alitutazama vumbi lote lile, akaanza utani wake: "Leo maiti za Umatengo zimejileta zenyewe!" Mama akamwambia. Akakaa chini palepale, akalia kwa sauti. Ningemwambia kwa simu, Baba, angelia na nani?

Lala salama. Shamba sasa ni langu, na mahindi yakikomaa nyani watakuja. Kelele nitawapigia, watu wasije wakanicheka. Lakini jiwe sitawarushia, na mstari wa mwisho kule bondeni, nakuahidi, sitaulinda.

Binti yako.