Fimbo ya Misa

Panda, Likasi

Mdogo wangu wa tumbo moja, Arlette,

Samaki wa ziwa Tshangalele walifika vizuri, nakushukuru. Hapa mvua imeanza, nimepanda mahindi nyuma ya nyumba.

Unajua tangu nianze kuishi na Georges, ambaye mke wake wa ndoa yuko Kambove, sipokei komunyo. Wengine wakipanga mstari, mimi nabaki kwenye benchi. Miaka tisa sasa. Vitambaa vya altare nafua mimi, lakini hostia, hapana.

Tumepata padri mpya. Jumapili moja aliniona nimekaa peke yangu, akashuka na hostia mpaka kwangu. "Kaa tu, mama," akasema polepole. "Najua miguu inakuumaka." Kanisa lote lilikuwa linatuangalia. Nikafungua kinywa.

Sikutaka apate aibu mbele ya watu, basi nikatoka nikichechemea. Tangu siku ile naenda misa na fimbo. Katika mahubiri amenitaja, eti mkristo wa kweli ni yule anayekuja na maumivu yake. Akina mama wanajua si miguu iliyokuwa inanikalisha. Kwenye benchi langu hakuna anayekaa tena.

Utaniambia niungame. Ningeweza, maana Georges hajarudi tangu Pasaka. Lakini padri ataniuliza kama nimemwacha, na mimi kila jioni bado namfunikia bukari yake mezani, isipoe.

Ukija Noeli, tutaenda misa pamoja. Usinicheke njiani. Nishike mkono kama mgonjwa.

Yaya wako,
Simone