Mjomba, Maktaba Yako Nimeigawa

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba mtu mzima haandikiwi barua bila salamu, na katika hilo bado nakutii hata kama umelala kaburini. Katika mengine yatakayofuata humu sikutii, na nimeona heri uyasikie kwangu. Ndugu zako wameshayasema kwa kila mtu, tena upande mmoja tu, ndiyo maana barua hii naiacha wazi asome anayetaka.

Maktaba yako nimeigawa yote. Sikuiazimisha, wala sikumwonyesha mtu kwa dakika kumi akiwa amesimama mlangoni. Nimeigawa kwa watu unaowajua na kwa watu usiowajua, na wengine hata majina yao sikuyauliza.

Unakumbuka ilivyokuja? Nilikuwa darasa la sita, naishi kwako. Yule mgeni aliyekuwa akizunguka milimani kuangalia vyanzo vya maji alikwama kwetu siku tatu, mvua imekata njia. Ukampa kitanda chako, wewe ukalala kwenye mkeka, na asubuhi ukajidai mgongo hauumi. Alipoaga alikuachia kompyuta yake kuukuu, paneli ndogo ya sola na CD moja. Alisema ndani yake mna vitabu mamia kwa mamia: uzazi salama, maji safi, kuchimba choo, kuhifadhi nafaka, kuotesha miti, kutunza kidonda. Watu wa nchi mbalimbali walikuwa wamevikusanya wakavitoa bure kwa ajili ya sehemu kama kwetu, ambako duka la vitabu ni safari. Akakushika mkono. "Mwalimu, nakili, mpe yeyote. Hii haina mwenyewe."

Ulimsindikiza mpaka mtoni. Uliporudi ulikaa kibarazani, ukaigeuzageuza ile CD, ukasema, "Haina mwenyewe? Basi mwenyewe ni mimi." Mimi nilicheka. Wewe hukucheka.

Siku hiyohiyo ulitia kufuli chumba cha uani. Ufunguo ukaufunga kwenye uzi mmoja na rozari yako, ukakaa kifuani chini ya shati. Mama alikufumia kitambaa cheupe cha kufunikia kompyuta, nacho ukakifunika na nailoni ili kisichafuke. Kabla ya kuingia nilinawa kwa sabuni mpaka viwiko, ukavikagua vidole vyangu kimoja kimoja. Lakini humo ndani, Mjomba, ulikuwa mtu mwingine. Ulinisogezea kigoda karibu, ukanisomea Kiingereza neno kwa neno, na nilipopatia ulinigonga kichwani taratibu kwa kalamu. Kiingereza nilichokwenda nacho sekondari nilikipata kwenye ile harufu ya nailoni. Sijasahau, na sitaki mtu adhani nimesahau.

Ila Jumapili baada ya misa aliingia paroko, akaingia diwani, wakaonyeshwa, wakasifu, wakanywa chai. Mama Koleta, jirani yetu wa bonde la chini, alikuja na maharage yaliyotobolewa na wadudu, ameyafunga kwenye kona ya kanga. Alisikia una kitabu cha kuhifadhi mbegu. Ukamwambia aje Jumapili. Jumapili ukamwambia chaji haitoshi. Akaja tena, ukamwambia kuna wageni. Mara ya nne hakuja. Nilipokuuliza kwa nini usimsomee tu ukurasa mmoja, ulinijibu kwa sauti ya chini kabisa, "Wakianza kuingia, wataimaliza."

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Hukuwa mchoyo. Mtu aliyekuja na njaa kwako alikula. Wewe ulikuwa Mluguru unayejua kutunza. Shamba la ukoo hupewi ukampe mtu wa nje. Unalima, unakula, unamwachia mpwa wako likiwa zima. Ukimega kipande leo na kipande kesho, wanao wa kesho watalima wapi? Nawe ukaitunza CD kwa sheria ya shamba. Hapo ndipo ulipokosea, Mjomba wangu, na ukoo mzima ulikosea pamoja nawe. Shamba ukimpa mtu, huna. Kitabu cha namna hii ukimpa mtu, anacho yeye, na wewe unacho.

Halafu likaja lile buti la mvua. Ulikuwa na sukari miaka kadhaa, vidonge ukivimeza ukikumbuka. Nilipopanda kutoka Kihonda, mjini nilikofungua duka, kukusalimia nilisikia harufu kabla sijaketi. Ukasema umejikwaruza kidogo kwenye kisiki, hata hapaumi. Nilikuvua buti kwa nguvu, nawe ukinigombeza. Tulipokufikisha hospitali mjini walifanya walichoweza. Siku tatu za mwisho ulikuwa ukinishika mkono na kurudia neno moja, "Chumba kile. Asiingie mtu." Nikasema ndiyo, Mjomba. Ningesema nini?

Baada ya matanga ukoo ulikaa ukanipa nyumba yako na kiunga chake, kwa kuwa mimi ndiye mpwa uliyemlea. Nilifungua kile chumba peke yangu mchana, jua limejaa uani. Nikawasha. Nikatafuta bila haraka, nikakikuta: kijitabu kizima cha namna mwenye sukari anavyotunza miguu. Jitazame nyayo kila siku. Miguu inaweza kufa ganzi, kwa hiyo usingoje maumivu. Usitembee peku. Kidonda hata kidogo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kilikuwepo tangu nikiwa darasa la sita. Kutoka kitandani kwako mpaka mlango wa chumba kile ni hatua saba, nimezihesabu.

Nilikukasirikia, Mjomba. Nakukasirikia mpaka leo, na nakupenda, na vyote viwili nimevizoea. Ningependa CD ile ichubuke kwa mikono ya watoto wa kijiji kizima mpaka isisomeke, na wewe uwe kibarazani unanigombeza.

Basi nikashuka nayo Kihonda. Unaijua steshenari yangu: natoa kopi, naprinti, na wateja wengi zaidi hunijia niwawekee nyimbo na filamu kwenye simu. Niliinakili maktaba yako kwenye kompyuta ya dukani, na tangu hapo hakuna anayeondoka na nyimbo tu. Wa kwanza alikuwa dereva wa bodaboda, aliangalia simu yake akanuna.

"Dada, mimi nimeomba nyimbo za singeli. Hivi vitabu vya nini?"

"Vya kwako. Havili bando."

"Bei gani?"

"Bure."

"Bure ya mjini hii? Lazima kuna kitu ndani."

"Kuna kitu, ndiyo. Mkeo mjamzito?"

Akaitia simu mfukoni bila kufuta kitu. Wiki iliyofuata alimleta mke mwenyewe, akataka vya uzazi atolewe kopi kabisa. Vingi viko kwa Kiingereza, kwa hiyo duka likipoa mimi naandika Kiswahili chake, ukurasa baada ya ukurasa, na muuguzi wa zahanati ananisahihishia ya dawa. Nilipanda mpaka bonde la chini pia. Mama Koleta sasa ni bibi, akanipa simu ya binti yake. Alisema, kana kwamba ungali hai, "Mjomba wako anajua?" Nikamwambia atajua.

Ukoo ukajua kwanza. Mdogo wako, Mjomba Fidelis, aliitisha kikao nyumbani kwako Jumamosi iliyopita. Walijaa uani mpaka kwenye migomba. Alisema mali ya marehemu haitapanywi barabarani, tena kwa wageni wa Kihonda wasiojulikana kwao. Alisema nilikuahidi nikiwa nimekushika mkono, na hilo ni kweli, sikubisha.

"Waambie wote wafute," alisema. "Au weka hapa ufunguo wa nyumba."

"Sitawaambia, Mjomba."

"Unamdharau marehemu?"

"Marehemu angekuwa hai kama angeisoma."

Watu waliguna. Shangazi mmoja alinivuta gauni nikae. Niliuweka ufunguo mkekani mbele yao. Ile nyumba ndiyo kwetu pekee ninakokujua, na kiunga kile nilikipanda nawe. Lakini kama bei ya kubaki humo ni kumwambia mama mmoja afute ukurasa wa kuokoa mtoto, wachukue na bati lake.

Kabla sijaondoka nilimfuata Mjomba Fidelis pale kwenye kiti chake. Unajua naye alikutwa na sukari mwaka jana. Nilikuwa nimemwandikia ile sura ya miguu kwa herufi kubwa, karatasi moja. Nilimwambia, "Hii nayo ni ya ukoo. Usome, usisome, ni yako." Nilitegemea aichane. Alivaa miwani, akasoma mdomo ukicheza, mpaka mwisho, kisha akarudia juu.

Halafu akainama akavua kiatu cha kushoto, na soksi.

"Hebu niangalizie huku chini," akasema. "Mimi sipaoni vizuri."

Nikapiga magoti mbele ya ukoo mzima nikauinua ule mguu. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda, kidogo, kama punje ya mahindi. Nikambonyeza pembeni yake.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu."

Tuliteremka naye hospitali siku ileile, na wamesema tumewahi. Nyumba hakunirudishia, na sikumwomba. Mtu mmoja wa ukoo wako ana miguu yote miwili, hiyo ndiyo hesabu yangu ya mwaka huu.

Pumzika, Mjomba. Nakuombea kila Jumapili na sitaacha. Radhi sikuombi.

Mpwa wako uliyemlea,
Kihonda, Morogoro