Kobe Katoka Uani

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kinachosumbuliwa na vumbi la saruji kimetulia. Huku tunapumua. Mama anakusalimu. Mguu wake ukiamka vizuri anafika dukani mwenyewe na fimbo yake. Ukiamka vibaya anashona akiwa ameuweka juu ya stuli, na hataki kuulizwa.

Nakuandikia kwa kuwa simu huipokei. Simu mtu anaweza kuiacha ilie mpaka ichoke, lakini barua hata mwenye hasira huifungua.

Nina habari. Jumapili nimefukuza kuku ndani ya Kobe. Ndiyo, gari lako la kijani. Tangu siku ile ya ajali limekaa uani, na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma kama wamelipa nauli. Sasa mimi ni fundi kamili, na mwenye gereji ameniruhusu kutumia vifaa vyake siku za mapumziko. Nataka kulifufua. Mama anasema amechoka kuwapelekea wateja nguo zao kwa mguu mmoja na nusu wakati gari lipo.

Naomba ruhusa yako. Na unieleze: asubuhi za baridi ulikuwa unaliwashaje? Nakumbuka ulikuwa na ujanja wako.

Binti yako,
Spana


20 Februari

Mwanangu Spana,

Marahaba. Kifua hakijambo. Kazi ya ghalani ni ileile, magunia yanaingia, magunia yanatoka, mimi nasimama mlangoni. Naenda kwa miguu, narudi kwa miguu, na sijamgonga mtu.

Hilo gari liuze kama chuma chakavu. Mimi niliyefundisha nusu ya mji kuendesha, nilishuka kilima mchana kweupe, mama yako pembeni yangu, nikakanyaga mafuta nikidhani ni breki, mpaka ukutani. Yule mkaguzi wa magari nilimfundisha mwenyewe kurudi nyuma. Aliandika "kosa la dereva" bila kunitazama usoni. Na angeandika nini? Breki za magurudumu alizikuta nzima, mafuta ya breki yamejaa. Kilichobaki ni mguu wangu.

Usinitajie tena gari hilo.

Baba yako

Ila kama kichwa chako ni kigumu kama ninavyokijua: usiliwashe kabla hujasafisha tangi, petroli iliyolala hugeuka gundi. Asubuhi za baridi vuta kitufe cha choki nusu, si chote, halafu subiri. Halipendi papara.


15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. U mzima? Kifua je? Sisi hatujambo, ila mimi mikono imejaa vumbi la msasa na kutu hata sabuni imenisusa.

Asante kwa maelezo uliyosema hutanipa. Tangi nimelisafisha, kilichotoka humo hakifai hata kuua mende. Bodi ya mbele nimeinyoosha na kuichomelea, na taa nimepata za gari jingine, zimekubali. Jumamosi nikavuta choki nusu, nikasubiri, nikawasha. Likakohoa. Likanyamaza. Likakohoa tena, likatoa moshi mweusi kama limeudhika kuamshwa, halafu likaunguruma! Mama alitoka nje uzi ukiwa bado mdomoni. Akasimama pale akishika fimbo, machozi yanamtoka, anasema ni moshi.

Kisha akanituma kwako. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Mwambie baba yako mimi niliuona mguu wake. Ulikuwa juu ya breki. Alikuwa anaipiga, pa! pa! pa! kama mtu anayeua nyoka, na pedali inaangukia sakafuni kama kitambaa. Nilimwambia hospitalini. Akanijibu, nyamaza mke wangu, pumzika."

Ni kweli alikwambia hivyo, Baba?

Binti yako,
Spana


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Ni kweli alisema. Mama yako ana moyo mkubwa kuliko nyumba ile. Mtu akimpenda mwenziwe humtafutia kinga hata pasipo na kinga. Alikuwa amevunjika mfupa, amejaa dawa za maumivu, na bado anahangaika kunisafisha mimi. Ningemwaminije?

Sikuondoka hapo kwa kuwa simpendi. Niliondoka kwa sababu kila alipoinuka kitini nilisikia mguu ule ukigusa sakafu, na yeye ananitabasamia. Angenitukana ningekaa.

Mwendeshee gari, mpeleke anakotaka. Lakini kuhusu mguu wangu tusiandikiane tena.

Baba yako


11 Mei

Baba,

Shikamoo. Leo sitauliza kifua. Tafuta mahali uketi kwanza.

Jana nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi, natafuta waya wa honi. Breki nilikuwa bado sijazifikia, nikaisukuma pedali yake kwa mkono, nione inarudi vipi. Ikaanguka mpaka chini na haikurudi. Nikamulika tochi. Unajua mwenyewe kwamba pedali inasukuma fimbo ya chuma, na fimbo ndiyo inayosukuma mafuta ya breki. Vyote viwili vinashikana kwa pini moja tu, nene kama penseli. Na hiyo pini inazuiwa isitoke na kipini chembamba kama cha nywele.

Fimbo ilikuwa imesimama kivyake, pedali kivyake. Pini hakuna.

Nikang'oa zulia la sakafuni, lile lililokaliwa na kuku. Chini yake, kwenye mfereji wa bati karibu na kiti cha dereva, nimeikuta pini. Nzima! Haijapinda hata kidogo. Kile kipini cha kuizuia kimeliwa na kutu, kimebaki kijipande ndani ya tundu.

Sikutaka kujidanganya kwa mapenzi, maana najua utasema hivyo. Nikampelekea mwenye gereji, mtu asiyemsifu hata mama yake mzazi. Sikumwambia natafuta jibu gani. Akavaa miwani, akaigeuza pini, akaja mpaka uani akapima tundu kwa kidole. Akasema: "Ingetolewa na ajali ingepinda, na hapa pangeraruka. Hii imechomoka yenyewe, polepole, kwa kuwa kilichoizuia kimeoza. Aliyekuwa anaendesha alikanyaga hewa."

Nikamuuliza, mbona mkaguzi hakuona? Akasema mkaguzi alitazama magurudumu na mafuta. Sehemu ya mbele ilikuwa imebonyea, pedali imelegea, akadhani imelegezwa na ukuta. Hakuna aliyelala chali humu ndani kabla yangu.

Ulikanyaga breki, Baba. Ulipokanyaga haikuwepo.

Pini hiyo nimeitia ndani ya bahasha hii. Ya kwenye gari nimeweka mpya, na kipini chake kipya. Nimelijaribu kwenye kile kilima mara nyingi hata majirani wakauliza nimepoteza nini.

Binti yako,
Spana


20 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijui hata niulize vipi hali yako. Tangu nikutumie pini sijapata neno. Nilipiga simu ghalani, wakasema upo kazini lakini huongei na mtu. Je, nimekosea? Pengine nimekuumiza kwa kufukua.

Mimi sipo tena nyumbani. Nimepata kazi ya msimu kwenye mashamba makubwa, natengeneza matrekta mpaka mavuno yaishe. Mtandao wa simu huku ni wa kupanda juu ya trekta na kuomba, kwa hiyo niandikie kwa anwani niliyoweka nyuma ya bahasha.

Kobe amesimama mbele ya nyumba, amepakwa rangi. Ufunguo anao Mama. Kuendesha hajui, na mimi sikupata muda wa kumfundisha. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako,
Spana


9 Julai
Nyumbani

Mwanangu Spana,

Marahaba, na marahaba ya zile zote nilizokaa kimya. Hukukosea popote. Kifua hakijambo, na huku hakuna saruji.

Ulipoileta ile pini niliketi juu ya magunia kama ulivyoniagiza. Nilitaka kukujibu siku hiyohiyo, kalamu ikawa nzito. Mtu akibeba mzigo muda mrefu, ukimtua ghafla hayumbi? Basi mimi niliyumba. Nilikuwa naamka, naishika pini, nairudisha mfukoni. Mwisho nikaaga kazi.

Nilipita kwanza kwa mkaguzi. Nikaiweka pini mezani, nikamweleza. Akaigeuza, akasema, "Mwalimu, sikulala chali." Nikamwambia hata mimi sikulala. Tulipeana mikono, akanielekeza jinsi ya kuhuisha leseni yangu, nikaihuisha.

Kisha nikaja nyumbani. Mama yako alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa.

"Viatu vivue hapo, nimetoka kufagia."

Nikavua.

"Nilikwambia hospitalini."

"Uliniambia."

"Mimi mkeo, niliyekuwa ndani ya gari, kwa macho yangu haya mawili, hukuniamini. Kipande cha chuma kimesema neno moja, umepanda basi."

Mwanangu, nimefundisha watu kupita kwenye makutano ya barabara tano, lakini pale sikuona njia. Nikamwambia, nisamehe.

"Sijui bado," akasema, akakata uzi kwa meno. "Kwanza nipeleke kwa mteja. Nguo hizi zinasubiriwa."

Akanitupia ufunguo.

Niliketi kwenye usukani. Nilikanyaga breki gari likiwa limesimama, nikakanyaga, nikakanyaga, mpaka mama yako akauliza kama natwanga. Nikatia gia. Umelitengeneza vizuri, Spana. Klachi ni laini, na ule mkwaruzo wa zamani wa gia ya tatu umeutoa, hata nikaona kama naendesha la mtu mwingine. Tulishuka kilima. Tukafika karibu na ukuta. Nikakanyaga, likasimama. Lilisimama pale nilipotaka! Nililia kidogo, na mama yako akatazama dirishani ili nisijue kwamba ameniona.

Tukapeleka nguo. Kurudi hakusema kitu njia nzima. Nikajua bado ana hasira, na nikajisemea ni haki yake. Tulipokaribia nyumbani nikageuka kumtazama.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, anakoroma kabisa, pembeni yangu, ndani ya gari hilihili.

Sikusimama. Nikapita mlango wetu, nikazunguka mtaa, nikazunguka tena, polepole, nikikwepa mashimo.

Alipoamka akauliza mbona hatujafika.

Nikamwambia kulikuwa na foleni.

Baba yako