Bili ya Pilau Imekuja Mtoto Keshaanza Kukimbia

Shangazi Saida, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimefika mahali napita nyuma ya nyumba za watu kama mwizi wa kuku, na ninayemkwepa ni mtu ninayempenda. Mimi na mume wangu Godfrey tumetokea Mbeya, yeye anafanya kazi bandarini, na hapa Chikongola, Mtwara, hatuna ndugu wa damu ila tuna jirani, Bi Mwanahamisi, ambaye kazi yake ni kupika kwenye shughuli, anaitwa mpaka Msimbati, na nilipojifungua mwanangu Faraja yeye ndiye aliyenikanda, akanipikia uji, akamwita mtoto mjukuu wake, na nikienda kazini ndiye niliyekuwa namwachia. Sasa tulipombatiza Faraja mwaka juzi, Bi Mwanahamisi akaja na masufuria yake, wasaidizi wake, mchele na nyama kanunua mwenyewe, akapika pilau ambayo watu wa kanisani wanaizungumzia mpaka leo, na nilipomuuliza gharama akaniambia, "Aa, mwanangu, tutaongea, we lea kwanza," nami nikaelewa kwamba amenizawadia, nikamnunulia doti ya khanga, akaivaa kwa furaha, na kanisani nikasimama nikashukuru kwamba Mungu amenipa mama Mtwara.

Wiki iliyopita, Faraja sasa anakimbia, ukaingia ujumbe wa Bi Mwanahamisi kwenye simu: mchele, nyama, mafuta, kuni, ujira wa wasaidizi, jumla laki nne na nusu, naomba mwanangu uniangalizie. Shangazi, nililia, na sikulilia pesa, nililia kwa sababu nilidhani nina mama kumbe nilikuwa mteja. Godfrey anasema tusilipe, mfanyabiashara aliyenyamaza mpaka mtoto akakimbia ameshasamehe. Jirani yetu Tatu, ambaye ana shamba la mikorosho, ananishangaa, anasema hata yeye kadaiwa chakula cha unyago wa binti yake wa mwaka huohuo, maana msimu ule korosho za wengi zilinyeshewa na Bi Mwanahamisi hakumdai mtu, na msimu huu baada ya mnada wa korosho kalipa na wala hajanuna. Mimi nimenuna. Faraja nampeleka kwa mama mwingine, na kila asubuhi ananivuta kuelekea mlango wa Bi Mwanahamisi huku analia "Bibi". Je, ni lazima tulipe? Na nikilipa, nitabaki na mama?

Mama Faraja, Chikongola


Marahaba, Mama Faraja. Pole, futa machozi tuongee. Lipa. Nimeanza na hilo ili Godfrey asiishie katikati akidhani niko upande wake. Aliyechelewa kudai hajasamehe, amechelewa tu. Kusamehe deni kuna maneno yake, na "tutaongea" halimo. Nimemuuliza na wakili, kasema deni halifutiki kwa sababu tu bili imechelewa, labda ipite miaka mingi, na huyo mtoto wenu bado hajafika hata chekechea.

Nyie watu wa mshahara, mwezi ukiisha mnadhani dunia nzima imefunga hesabu. Huku kwetu mpishi, fundi na mwenye duka wote wanangoja korosho. Bi Mwanahamisi amewapikia wakulima maisha yake yote, na kwake kumdai mtu kabla ya mnada ni kumdhalilisha. Amekusubiria mnada na wewe, bila kukumbuka kwamba mumeo hana hata mkorosho mmoja. Ni heshima amekupa, ila imekufikia vibaya.

Naye simwachi. Bi Mwanahamisi, kama unasomewa gazeti hili, dada yangu, kupika bila kutaja bei ni kumtega mteja, hata kama mteja ni mwanao. Mchele wa mwaka juzi udaiwe kwa bei ya mwaka juzi. Na kwa kuwa umekaa kimya muda wote huo, mpe nafasi alipe kidogo kidogo, maana mshahara hauna mnada.

Sasa turudi kwako, mwanangu, maana kilichokuuma si laki nne na nusu. Unasema ulidhani una mama kumbe ulikuwa mteja. Ulikuwa vyote viwili. Kukukanda na kukulelea mtoto hajakuandikia hata senti. Amekuandikia mchele na nyama alivyotoa mfukoni mwake, na jasho la watu aliowalipa yeye. Ulisimama mbele ya waumini ukamtangaza kuwa mama, halafu mama anayeishi kwa sufuria zake ukamwachia hasara ya shughuli yako, ukaridhika na doti moja ya khanga. Wewe ndiye uliyetakiwa kuwa wa kwanza kurudi kumuuliza, "Mama, ile gharama vipi?" Hapo umenikera, na nakwambia kwa sababu nakupenda.

Dawa ya deni ni kulipa, ila hili usilipe kwa simu. Ukituma kwa simu ndipo utakuwa mteja kweli. Nenda kwa miguu, wewe na Godfrey, mkiwa na fungu la kwanza mkononi, na mpatane lililobaki mtalimaliza lini. Usimwombe akufutie. Mweleze ulivyofikiri, yote, hata sehemu ya aibu. Atakucheka, nawe mwache akucheke.

Mkifika uani kwake msibishe hodi ninyi. Mtangulizeni Faraja. Yeye hadaiwi, na mlango anaujua.