Mdomo wa Bwana Wangu Umehama

Dada Rasoa mpenzi,

Salamu tele kutoka Thika, penye baridi na raha! Geuza kadi umwone Yohana wangu, maana Nyanya amesema hatatubariki kabla hajauona uso wake. Picha tumeichapa wenyewe kwa vibao vya mbao, ufundi wa Kijapani tunaojifunza na wachoraji wenzetu kule Ruiru. Kila rangi ina kibao chake, na kila mtu huchonga rangi moja. Mdomo niliomba nichonge mimi.

Karatasi ikikauka hunywea, na rangi hukosa mahali pake. Kazi ya kuilowesha ilikuwa yangu. Lakini Yohana alikaa dirishani akitabasamu, nami nikasahau maji, karatasi na hata jina langu. Mdomo ukatua karibu na sikio!

“Haiya!” rafiki yetu Wanjiru akacheka. “Bwana yako atakunywa uji na sikio?”

“Afadhali,” Yohana akajibu. “Nitajisikia vizuri nikimsifu bibi yangu.”

Basi mwambie Nyanya asiogope, abariki tu. Mdomo wake wa kweli uko mahali pake kabisa. Nimehakikisha mwenyewe, asubuhi na jioni.

Mdogo wako anayeelea kwa furaha,
Dina