Pedi Moja, Watu Wawili

Kaka yangu mbishi,

Salamu nyingi. Sisi tupo, na paka amezalia ndani ya kabati lako la nguo.

Hoja zako nimezisoma zote. Eti gemu ya mapanga na majoka huchezwa kwenye kompyuta tu, picha zinang'aa, unajiongezea misitu na mavazi upendavyo, na mashine yangu ya kuchomeka kwenye TV ni ya watoto. Kwa picha nakupa ushindi. Mengine umenoa.

Kompyuta yako ina kiti kimoja. Mimi nacheza kwenye kochi, na Baba. Alitukataza tusikwambie, ila mkono wake wa kulia umepooza tangu mvua zilipoanza, na cherehani yake tumeifunika shuka. Alikuwa akishinda anatazama ukuta, mpaka nilipomwekea mapajani pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu. Yeye anashika upande wa kushoto, anamtembeza shujaa wetu. Mimi nashika wa kulia, napiga panga.

Na anatembea huyo! Vita hataki kabisa, anataka kujua nyuma ya kila mlima kuna nini.

Jana joka likatukuta darajani. Mimi nikapiga, yeye akageuka kukimbia, tukatumbukia mtoni tukafa. Baba alicheka mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Haya, kompyuta yako inaliweza hilo? Usinijibu kwa barua. Njoo ubishane naye mwenyewe. Upande wa kushoto hatakuachia, lakini wa kulia nitakuachia mimi.

Dada yako,
bingwa wa sebuleni