Theluji Haikuondoka, Mama

Mama,

Nilikwenda. Uliponiambia pale hospitali, "Mwaka huu niendee wewe, ukanitazamie kama theluji imeondoka," nilidhani dawa ndizo zinazosema. Mimi muuza magari wa Wattaya, hapa Maskati, milima ya Norwe naijulia wapi? Lakini baada ya maziko niliomba likizo, nikaenda. Rafiki yako Ingrid, uliyekuwa ukipanda naye kila mwaka kutazama ndege, alikuja kunipokea uwanja wa ndege. Alinikumbatia akalia kabla yangu. Hajawahi kupanda mlima ule bila ya wewe.

Theluji haikuondoka, Mama.

Ulikuwa ukinihadithia mwanzo wa kiangazi cha kule: mawe yanakauka, vijito vinavuma, wadudu wanatoka matopeni, na vitwitwi wako, ndege wale wadogo wanaokaa baridi nzima kwenye ufukwe wetu wa Hail, wanashuka kutaga. Mimi nilikuta weupe mtupu. Ndege wamekwishafika, wamekonda kwa safari, wamesongamana kwenye vipande vya changarawe ambavyo upepo umevifagia. Wanangoja. Ingrid akanieleza kuwa hawawezi kungoja sana, kiangazi cha huko kifupi mno. Wakichelewa kutaga, vifaranga hawatawahi kuota mbawa kabla baridi haijarudi.

Jozi moja haikungoja. Walitaga pale pale kwenye changarawe, ubavuni mwa jiwe. Nilifurahi, Mama. Nilikuwa nalala kifudifudi mbali nao, nawatazama kwa darubini yako wanavyopokezana kuatamia. Nikasema moyoni, angalau hawa.

Kisha theluji ikaanguka tena. Zamu ilikuwa ya dume. Ilimfunika mgongo wote, akabaki kichwa tu, na hakuondoka. Nilivua koti nikataka kwenda kumkinga. Ingrid akanishika mkono. "Ukimkaribia ataruka, na mbweha atafuata nyayo zako." Basi nikakaa. Nilikaa vile vile nilivyokaa ubavuni mwa kitanda chako, sina la kufanya, namtazama anayepumua.

Asubuhi yake kiota kilikuwa wazi, mayai yameachwa. Nilishika yai moja. Lilikuwa baridi, Mama. Baridi ile ya... Wewe unaijua, nami nnaijua tangu nilipokushika mara ya mwisho.

Wazazi wote wawili walikuwa bondeni kando ya mto, wanadonoa palipokuwa hapana kitu. "Hawatataga tena," alisema Ingrid. "Nguvu zimewaishia." Nikamuuliza kama mwakani itakuwa afadhali. Aligeuza uso. Akasema zamani miaka kama hii ilikuwa ikija mmoja mmoja, siku hizi inafuatana.

Sasa nimo Maskati, na ndege nao walirudi mapema, joto bado linachoma, maana kule hawakuwa na cha kuwazuia. Kila alfajiri nilishuka Hail, kwenye kipande kilichobaki. Upande ule uliokuwa ukipenda kukaa wewe wameumwagia kifusi, wanajenga mikahawa. Niliona wakubwa watupu. Nikawangoja wadogo, wale wenye mkanda hafifu kifuani, ambao wewe ulisema hufika nyuma ya wazazi wao, peke yao, bila ya kuonyeshwa njia. Msimu wao wa kufika umepita. Sijamwona hata mmoja.

Bibi huwa ananisubiri na kahawa. Tangu umtoke, jina lako halitaji. Mama akimzika mwanawe hujui umwambie nini. Siku ya mwisho aliniuliza, "Wamekuja na watoto?"

"Hapana, Bibi."

Aliweka kikombe chini. Halafu akasema, "Basi na wao wamefiwa." Akaingia ndani, akafunga mlango, na kahawa ikapoa.

Ningependa kukuletea khabari nyingine. Nimezitafuta, Mama, sikuzipata. Nikitaka kukudanganya sasa nitakudanganya vipi, na wewe ulinifundisha kutazama kwanza ndipo niseme?

Mola akukunjulie kaburi lako, akufanyie wasaa uliokosa kwenye kile chumba cha hospitali. Nnakuaga hapa. Ahadi yangu ni moja tu: mwakani nitapanda tena. Siendi kwa matumaini, hayo sinayo. Ila wao watakwenda, theluji iwepo isiwepo, na sitaki wafike kule pasiwe na mtu wa kwetu.

Mwanao,
Zuwena